Malighafi ya kubebea dawa imejaa Bonde la Ufa, wa kuifinyanga hayupo

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Nakuru, akishaupita mji wa Gilgil na kuanza kuteremka kuelekea Ziwa Elementaita, hufika karibu na genge jeupe lililochongwa ubavuni mwa kilima. Wengi hudhani ni chokaa. La hasha. Hiyo ni diatomiti ya Kariandusi, mabaki ya mwani mdogo usioonekana kwa macho matupu, ulioishi katika ziwa kubwa lililolifunika eneo hilo mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Kila chembe ya mwani huo ilijijengea ganda la silika, dutu ile ile iliyomo katika mchanga na kioo, na maganda hayo yamejaa vitundu vingi kiasi kwamba kipande kikavu cha jiwe hilo huweza kuelea majini.

Jirani na machimbo hayo ndipo mwanaakiolojia Louis Leakey alipopata mashoka ya mawe ya binadamu wa kale mwishoni mwa miaka ya 1920. Machimbo yenyewe yamekuwepo tangu miaka ya 1940. Unga unaotokana na jiwe hilo hutumiwa kuchuja bia, sukari na mafuta ya kula, na pia kubebea dawa za kuua wadudu.

Jambo hilo la mwisho, yaani kubeba, ndilo linalopaswa kuwashughulisha Wakenya. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi sasa, wanasayansi wa Ulaya, Asia na Marekani wamekuwa wakichunguza jinsi silika yenye vitundu inavyoweza kubeba dawa za binadamu hadi mahali zinapohitajika mwilini. Aina mojawapo ya silika hiyo huitwa erojeli. Ukiorodhesha vitu vinavyohitajika kuitengeneza, utakuta kwamba karibu vyote vinapatikana kati ya Magadi na Nakuru, au safari ya siku moja ya lori kutoka hapo. Hata hivyo, bonde hili lingali linauza jiwe na unga.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Swali la kwa nini wajenzi hawapo lina uzito zaidi leo kuliko miaka kumi iliyopita. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake kwa nchi za nje, Kenya ilijikuta ikihesabu akiba ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Miaka michache kabla ya hapo, wakati wa janga la Covid-19, taifa lilikuwa limesubiri chanjo huku mataifa tajiri yakijihudumia kwanza. Katika visa vyote viwili somo lilikuwa moja: anayetegemea ghala la mwenziwe hana budi kungoja mlango ufunguliwe.

Dawa isiyoyeyuka

Ili kuelewa umuhimu wa silika katika tiba, ni vyema kuanzia kwa mgonjwa. Mtoto wa shule mwenye punye kichwani hupewa vidonge vya griseofulvini. Daktari au muuguzi humshauri mzazi ampe mtoto dawa hiyo pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Ushauri huo hutolewa kwa sababu griseofulvini haiyeyuki vizuri katika maji, na kitu kisichoyeyuka tumboni hakiingii katika damu ipasavyo. Sehemu ya dawa hupita mwilini bila kufanya kazi na kutoka.

Hali ni hiyo hiyo kwa dawa mseto ya malaria, ambayo Kenya iliidhinisha mwaka wa 2004 na kuanza kuitumia kote nchini mwaka wa 2006. Kiungo chake kimoja, lumefantrini, nacho huhitaji mafuta ili kifyonzwe. Kwa familia ya Baringo inayolala njaa wakati wa ukame, maagizo ya kumeza dawa kwa maziwa ni rahisi kutamkwa kuliko kutekelezwa. Mgonjwa huyo humeza kipimo kamili, lakini mwili wake hupokea pungufu.

Huko huko Baringo, pamoja na Pokot Magharibi, kuna ugonjwa wa kala-azar unaoenezwa na usubi na ambao huua usipotibiwa. Mojawapo ya dawa zake ni amfoterisini B, ambayo haiyeyuki katika maji na ambayo ikitolewa kwa njia ya zamani huweza kudhuru figo. Wataalamu waliifungia dawa hiyo ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta, na madhara yakapungua sana. Dawa ni ile ile, kilichobadilika ni chombo kinachoibeba. Kwa hivyo wakazi wa Bonde la Ufa wamekwisha kunufaika na elimu ya vibebaji vya dawa, ingawa vibebaji hivyo hutoka ng'ambo.

Erojeli ya silika inalenga tatizo lile lile kwa njia nyingine. Badala ya kuificha dawa ndani ya mafuta, huitandaza juu ya kuta za vitundu visivyohesabika, kila kitundu kikiwa na upana wa sehemu chache za milioni ya milimita.

Rojo bila maji

Erojeli si uvumbuzi wa jana. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka wa 1931 katika jarida la Nature na mwanakemia Mmarekani, Samuel Kistler. Alichukua kioo cha majimaji, yaani silika iliyoyeyushwa kwa magadi, akaichanganya na asidi hadi ikaganda na kuwa rojo. Rojo la aina hiyo ni kama sifongo ya silika iliyojaa maji. Ukiliacha likauke juani, maji yanapotoka huvuta kuta za vitundu na kuziangusha, na kinachobaki ni vipande vigumu vilivyonywea. Kistler aliyaondoa maji na kuweka alkoholi mahali pake, kisha akalipasha rojo joto chini ya shinikizo kubwa hadi alkoholi ikafika hali ambapo haina tena tofauti kati ya kimiminika na mvuke. Katika hali hiyo hakuna mvuto wa kuzibomoa kuta. Alkoholi ilipoachiliwa itoke, nyumba ya silika ilibaki wima, na hewa ikaingia.

Kilichopatikana ni kitu chepesi kupindukia, kinachofanana na moshi ulioganda. Zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ni hewa. Gramu moja ina kuta zenye eneo la kati ya mita za mraba 500 na 1,000 hivi, kwa hivyo gramu kumi au kumi na tano zikitandazwa zote zinaweza kufunika uwanja wa kandanda. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliitumia erojeli katika chombo cha Stardust kilichorushwa mwaka wa 1999, kikanasa vumbi la kimondo mwaka wa 2004 na kulirejesha duniani mwaka wa 2006.

Njia ya Kistler ilikuwa na hatari yake, kwani alkoholi yenye joto na shinikizo hilo ni kama bomu. Mwaka wa 1984, kiwanda kidogo cha erojeli mjini Sjöbo, Uswidi, kililipuka baada ya methanoli kuvuja. Tangu hapo watafiti wengi wamehamia kwa gesi ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo hufika hali inayotakiwa kwenye nyuzi 31 tu za selsiasi, joto la mchana wa kawaida kule Marigat, na chini ya shinikizo la takriban mara 73 ya lile la hewa tunayoivuta. Shinikizo hilo ni zaidi ya mara 20 ya lile la gurudumu la matatu, lakini ni jambo ambalo mitungi ya chuma iliyotengenezwa vizuri hulimudu, tena gesi yenyewe haishiki moto.

Gesi hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa kuingiza dawa. Kiini cha dawa huyeyushwa ndani ya kaboni dioksidi iliyoshinikizwa, nayo hupenya katika vitundu vya erojeli na kuiacha dawa imetandazwa kutani bila kupata nafasi ya kujipanga katika fuwele. Fuwele ndizo zinazochelewa kuyeyuka. Mwaka wa 2004, Irina Smirnova na wenzake nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa dawa mbili: ketoprofeni ya kutuliza maumivu, na griseofulvini, ile ile ya punye. Zote mbili zilipobebwa na erojeli inayopenda maji ziliyeyuka kwa kasi kubwa kuliko fuwele zake za kawaida. Erojeli ya namna hiyo inapoguswa na maji ya tumboni kuta zake hubomoka, na dawa huachiliwa mara moja.

Miaka mitatu kabla yao, mwaka wa 2001, watafiti wa Madrid wakiongozwa na María Vallet-Regí walikuwa wameonyesha kwamba aina nyingine ya silika yenye vitundu iliyopangika inaweza kubeba ibuprofeni na kuiachilia polepole. Kwa hivyo silika huweza kuharakisha dawa au kuichelewesha, kutegemea jinsi ilivyofinyangwa.

Haifai, hata hivyo, kuikuza habari hii kupita kiasi. Erojeli ya silika ya kubebea dawa ingali zaidi ni kazi ya maabara. Matumizi yake makubwa ya kibiashara duniani ni kuzuia joto lisipotee kwenye mabomba ya mafuta, kuta za majengo na betri za magari ya umeme. Kama kibebaji cha dawa, ina wapinzani wengi. Hunyonya unyevu wa hewani ikiwa haikufungwa vizuri, na gharama ya mitungi ya shinikizo si ndogo. Mgonjwa wa Gilgil hataiona katika duka la dawa mwaka huu wala mwaka ujao. Hilo ndilo linalofanya wakati huu uwe mwafaka kuijadili: mlango wa taaluma hii haujafungwa, na walio ndani hawajawa wengi mno.

Viungo vyote jikoni

Sasa na tuitazame ramani. Kiungo cha kwanza ni silika. Mbali na Kariandusi, silika inapatikana Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa umeme wa jotoardhi ulianza kazi mwaka wa 1981. Maji yanayopanda kutoka ardhini pamoja na mvuke huwa yamebeba silika iliyoyeyuka. Yanapopoa, silika hiyo huganda ndani ya mabomba na visima na kuyaziba, nao wahandisi hupambana nayo kama adui. Kwa mtengenezaji wa erojeli, adui huyo ni mali.

Kiungo cha pili ni magadi ya kuyeyushia silika. Ziwa Magadi, kusini mwa bonde hilo hilo, limekuwa likichimbwa tangu 1911, na sehemu kubwa ya mavuno yake huuzwa nje kwa viwanda vya kioo. Kiungo cha tatu ni alkoholi. Viwanda vinavyogeuza molasi ya miwa kuwa spiriti vimekuwepo magharibi mwa nchi, Muhoroni ukiwemo, kwa miongo kadhaa. Cha nne ni kaboni dioksidi. Kule Kereita, katika eneo la Lari kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, gesi hiyo hutoka ardhini yenyewe, na kampuni ya Carbacid, iliyoasisiwa mwaka wa 1961, huisafisha na kuiuzia viwanda vya soda. Cha tano ni joto, na joto ndilo Olkaria ililo nalo kuliko kitu kingine chochote.

Hata elimu ya kuhamisha kiini chenye nguvu kutoka kwenye mmea na kukiweka kwenye unga si ngeni Nakuru. Mji huu ulikuwa makao makuu ya pareto kwa miongo mingi. Mkulima wa Molo anayechanganya vumbi la kuua dumuzi na mahindi yake kabla ya kuyaweka ghalani anatumia kanuni ile ile: kiini kidogo chenye makali hakitumiki peke yake, bali hupewa cha kukibeba.

Kwa hiyo tatizo haliko kwenye malighafi. Liko katika mambo manne ambayo hayachimbwi.

La kwanza ni usafi. Diatomiti huja na chuma na udongo wa mfinyanzi, nayo maji ya jotoardhi huweza kuwa na aseniki. Unga unaofaa kuchujia bia haufai moja kwa moja kuingia katika kidonge. Dawa zina vipimo vikali vya metali nzito, na kiwanda kinachotaka kuuza silika ya dawa lazima kithibitishe kila fungu, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka.

La pili ni mitambo. Mtungi wa kukaushia chini ya shinikizo kubwa, pampu zake na vali zake ni vitu vya kuagizwa na vinahitaji mafundi waliofunzwa kuvitunza.

La tatu ni idhini. Bodi ya Dawa na Sumu haiwezi kuruhusu kibebaji kipya kwa kuwa tu kimetoka nyumbani. Ni lazima ionyeshwe jinsi dawa inavyoachiliwa mwilini, inavyodumu dukani wakati wa joto na wa mvua, na kwamba haimdhuru anayeimeza. Majaribio hayo hugharimu fedha nyingi na huchukua miaka.

La nne, ambalo aghalabu husahaulika, ni mnunuzi. Viwanda vya dawa nchini huagiza karibu malighafi zake zote kutoka nje, hasa India na China. Mwenye kiwanda hawezi kuacha muuzaji aliyemzoea kwa sababu ya uzalendo. Atabadilika akipata bei nafuu, ubora usioyumba na hakika kwamba mzigo utafika siku iliyoahidiwa.

Kovu la pareto

Wakazi wa Molo, Njoro, Elburgon na Kuresoi wana sababu ya kusikiliza ahadi za viwanda kwa tahadhari. Kwa miongo kadhaa, Kenya ilitoa zaidi ya nusu ya pareto yote iliyouzwa duniani. Maua yalisomesha watoto, yakajenga nyumba za mabati na kulipia hospitali. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, malipo ya wakulima yakachelewa, madeni yakarundikana, na wengi wakang'oa pareto na kupanda viazi na mahindi. Wakati huo huo wakulima wa kisiwa cha Tasmania, Australia, waliwekeza katika mbegu bora, mashine za kuvunia na mitambo ya kisasa ya kusafishia. Uongozi wa soko ukahamia kwao.

Sheria mpya ya mwaka wa 2013 ililenga kuifufua sekta hiyo, ikafungua mlango kwa wawekezaji wa kibinafsi, na kaunti zimekuwa zikigawa miche. Lakini soko lililopotea halirudi kwa kuitwa. Pareto haikuanguka kwa sababu udongo wa Molo ulichoka. Ilianguka kwa sababu mnyororo kati ya shamba na mnunuzi ulikatika katikati, mahali pa malipo, utafiti na usimamizi.

Somo hilo linaihusu silika moja kwa moja. Serikali ikijenga jengo kubwa, ikalizindua kwa mbwembwe na kisha ikashindwa kulipia matengenezo ya pampu au mishahara ya wakaguzi wa ubora, itakuwa imepanda pareto nyingine.

Waliotangulia

Wapo waliokwisha kupita njia hii, na mifano yao inafundisha kwa udogo wake. Nchini Iceland, kampuni ya geoSilica ilianzishwa mwaka wa 2012 na Fida Abu Libdeh na Burkni Pálsson, waliokuwa wamesoma pamoja uhandisi wa nishati. Ilichukua silika kutoka kwenye maji ya mtambo wa jotoardhi wa Hellisheiði na kuiuza kama kirutubisho. Kule New Zealand, kampuni ya Geo40 ilijenga mtambo wa kuvuna silika katika maji ya jotoardhi ya Ohaaki, ikapata bidhaa ya kuuza na papo hapo ikapunguza kuziba kwa mabomba. Hakuna kati ya hizo iliyoanzia kwenye erojeli ya dawa. Zote zilianza na kitu chenye mnunuzi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Iceland si ngeni kwa wahandisi wa Kenya. Tangu mwaka wa 1979 kumekuwa na mpango wa mafunzo ya jotoardhi nchini humo, ulioanzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na Wakenya ni miongoni mwa waliofaidika nao zaidi. Walifunzwa kuvuna mvuke, wakarudi, na leo Olkaria huzalisha mamia ya megawati za umeme. Haikosi kuwa watu hao hao, au wanafunzi wao, wanaweza kufunzwa kuvuna kile mvuke unachokiacha.

Afrika Mashariki haina uhaba wa wataalamu wa vibebaji vya dawa pia. Profesa Hulda Swai, Mtanzania, aliongoza nchini Afrika Kusini utafiti wa kuzifungia dawa za kifua kikuu ndani ya chembe ndogo mno ili mgonjwa apunguziwe idadi ya vidonge. Baadaye alirejea nyumbani na kujiunga na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela mjini Arusha, na mwaka wa 2020 alitunukiwa Tuzo ya Kwame Nkrumah ya Umoja wa Afrika. Kutoka Nakuru hadi Arusha ni safari ya siku moja kwa basi. Nakuru penyewe, Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro na cha Kabarak kina shule ya famasia.

Kadhalika, viwanda vya dawa vya humu nchini vimeonyesha kwamba viwango vya dunia vinafikika. Mwaka wa 2022, kampuni ya Universal Corporation ya Kikuyu iliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani kwa dawa ya kuwakinga wajawazito dhidi ya malaria, ikawa ya kwanza barani Afrika kufikia hapo kwa dawa hiyo.

Ngazi hupandwa kwa vidato

Njia ya busara basi ni ya vidato. Kidato cha kwanza ni kioo cha majimaji na rojo la silika linalokaushwa kwa joto la kawaida, ambalo halihitaji mtungi wa shinikizo. Ni ile ile silika iliyomo katika vifuko vidogo vinavyowekwa ndani ya mikebe ya dawa na maboksi ya viatu ili kuzuia unyevu. Soko lake lipo tayari.

Kidato cha pili ni erojeli ya kuzuia joto. Hapa mnunuzi wa kwanza anaweza kuwa Olkaria yenyewe, yenye kilomita nyingi za mabomba ya mvuke yanayohitaji kufunikwa yasipoteze joto. Bomba halina masharti ya hospitali, na kiwanda kitajifunza kutumia shinikizo bila kuhatarisha maisha ya mgonjwa.

Kidato cha tatu ni silika safi inayochanganywa katika vidonge vya kawaida ili unga usigandamane mashineni. Imetumiwa kwa miongo mingi na inajulikana kuwa salama kwa mlaji. Ni katika kidato cha nne tu ndipo erojeli ya kubeba dawa yenyewe inapoingia, kwa ushirikiano wa vyuo, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) na viwanda vya dawa.

Katika kila kidato, usalama wa mfanyakazi usiwekwe nyuma. Silika isiyo na fuwele haina hatari kubwa, lakini diatomiti ikichomwa kwa joto kali, sehemu yake hugeuka fuwele ambazo vumbi lake hukwaruza na kuharibu mapafu pasipo tiba. Kijana wa Gilgil hapaswi kuuza pumzi yake ili mgonjwa wa kwingineko apone.

Liko pia suala la nani atafaidi. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi machimboni. Mgao huo hutokana na thamani ya madini yanapouzwa. Jiwe likiuzwa kwa bei ya jiwe, asilimia 10 ya kitu kidogo ni kitu kidogo zaidi. Faida kubwa kwa jamii itatoka katika ajira za ufundi, kodi za viwanda na biashara ndogo zinazovizunguka, mambo ambayo hayawezi kuwepo ikiwa kazi yote inakoma machimboni.

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021. Tangu hapo viongozi wake wamekuwa wakiulizwa ni kazi gani jiji hilo litawapa maelfu ya vijana wanaohitimu kila mwaka, na majibu yamekuwa mengi: utalii, maua, umeme, reli. Silika haiwezi kuwa jibu la pekee. Lakini ni jibu ambalo halihitaji kutafutwa mbali, kwa kuwa limekuwa likipakiwa kwenye malori kando ya barabara kuu kwa zaidi ya miaka 70.

Anayengoja kwa hamu matokeo ya mjadala huu huenda hajui kwamba anangoja. Ni mama wa Marigat anayemvunjia mwanawe kidonge cha malaria akitafuta maziwa asiyokuwa nayo. Siku ambayo kidonge hicho kitafanya kazi bila maziwa, hatauliza kama silika iliyokibeba ilitoka Kariandusi au Ujerumani. Wanaopaswa kuuliza ni wale waliopewa dhamana ya kupanga uchumi wa bonde hili, nao waulize mapema, kabla wengine hawajajenga soko na kuufunga mlango.